Ngoma Iliyohamia Ndani ya Piano

Mazungumzo na wanakisomo waliohitimu



Leo hatukuja na habari za mbolea, wala za kuchemsha maji ya kunywa. Hizo zipo, tutarudi nazo, msiwe na wasiwasi. Leo tunataka tuzungumze juu ya mtu mmoja mpiga piano. Jina lake ni Randy Weston. Alikuwa Mmarekani mweusi. Alizaliwa tarehe 6 Aprili 1926 katika mji wa New York, sehemu iitwayo Brooklyn. Alifariki huko huko Brooklyn tarehe 1 Septemba 2018, akiwa mzee wa miaka 92.

Tunajua mtauliza: Sisi na piano wapi na wapi? Kijijini hapa piano haipo, na ikija itapita mlango gani? Swali hilo ni halali. Lakini mtu huyu, mwaka 1960, alitia Kiswahili chetu ndani ya santuri huko New York, kabla Tanganyika haijapata Uhuru. Na jina la santuri ile hakuna hata mmoja wenu atakayehitaji kufasiriwa. Aliiita Uhuru Afrika. Safari hii watu wa Brooklyn ndio waliohitaji mkalimani, sisi hapana. Basi subirini kidogo, tutafika.

Tuanze na piano yenyewe. Piano ni kama sanduku kubwa la mbao lenye meno mbele. Meno hayo ni 88, meupe na meusi. Ndani ya sanduku mna nyuzi za chuma zilizokazwa sana. Ukibonyeza jino moja kwa kidole, kinyundo kidogo huko ndani kinaruka na kugonga uzi, na uzi unalia. Shikeni neno hilo: kinagonga. Watu wengi wakiitazama piano wanafikiri juu ya nyuzi tu, kama zeze. Wanasahau vinyundo. Bwana Weston hakuvisahau. Alipenda sana meno ya upande wa kushoto, yale yenye sauti nzito, akayapiga kama mtu apigaye ngoma kubwa. Alikuwa mrefu, kama mita mbili hivi, na mikono yake ilikuwa mikubwa kwa kadiri hiyo hiyo.

Muziki alioupiga unaitwa jazz. Hapa wazee watasema, "Jazz tunaijua! Si Morogoro Jazz? Si Tabora Jazz?" Ni kweli, jina ni moja. Bendi zetu za dansi zililipenda jina hilo wakalichukua. Lakini muziki wa bendi zile ulikuwa dansi la magitaa, na sehemu kubwa ulijifunza kutoka santuri za rumba zilizotoka Cuba. Jazz ya Marekani ni ndugu mwingine katika ukoo ule ule. Wote wawili, rumba ya Cuba na jazz ya Marekani, walizaliwa na watu waliochukuliwa kutoka Afrika wakavushwa bahari kwa nguvu kama watumwa.

Sasa ngoma iliingiaje ndani ya piano? Hapa inatubidi turudi nyuma sana, mpaka mwaka 1739, katika koloni la Waingereza lililoitwa South Carolina. Siku hizi ni jimbo la Marekani. Mwezi Septemba mwaka ule, karibu na mto uitwao Stono, watumwa kama 20 waliamka, wakavunja duka, wakachukua silaha. Wengi wao walitoka pande za Kongo. Walianza kwenda kusini, kwenye nchi ya Florida, iliyokuwa chini ya Wahispania, kwa kuwa huko waliahidiwa uhuru. Walikwenda wakipiga ngoma. Ngoma zile ziliwaita wenzao mashambani, na wenzao walitoka, kundi likakua njiani. Mwishowe walizingirwa na mabwana wenye bunduki, wengi wakauawa.

Mwaka uliofuata, 1740, wakubwa wa koloni lile walitunga sheria ndefu. Tusikilize kwa makini, maana sheria ile inatuhusu sisi wa kisomo. Sheria ile ilikataza watumwa kupiga ngoma au baragumu, au kuwa na chombo chochote chenye sauti kubwa ya kuitana. Na sheria hiyo hiyo ilikataza mtu yeyote kumfundisha mtumwa kuandika. Atakayemfundisha atatozwa faini ya pauni 100. Kusoma nako kulikatazwa baadaye, mwaka 1834.

Mmeona? Ngoma na kalamu ziliwekwa katika karatasi moja. Mabwana wale walikuwa wakatili, lakini wajinga hawakuwa. Walijua kwamba mtu mwenye ngoma anaweza kupeleka habari mbali, na mtu mwenye kalamu vile vile. Wakaona heri kuvinyang'anya vyote viwili kwa siku moja.

Tunalieleza jambo hili taratibu kwa sababu katika kuzunguka kwetu vijijini tunakuta kitu kinachotusumbua. Mtu akishapata cheti chake cha kisomo, akishaweza kusoma gazeti na kuandika barua, anaanza kuona haya kuonekana kwenye ngoma. Eti ngoma ni ya wasiosoma. Eti huo ni ushamba. Tumekuta darasa moja ambalo mpiga ngoma mzuri kuliko wote kijijini, mama wa makamo, aliacha kabisa kupiga tangu alipojua kuandika jina lake. Ngoma yake imegeuzwa kiti cha kukalia watoto. Tulipomwuliza kwa nini, alisema, "Mwalimu, mimi sasa nimeelimika." Hatukumjibu neno siku ile. Haya tunayoyasema leo ndiyo tungependa ayasikie.

Tuendelee. Ngoma zilipokatazwa, watu wale walifanya nini? Walipiga makofi. Walipiga mapaja na vifua vyao. Walikanyaga mbao za sakafu kwa visigino, wakizunguka duara. Shambani mmoja aliongoza wimbo na wengine waliitikia, jembe likishuka pamoja na sauti, kama tufanyavyo sisi kwenye kilimo cha pamoja. Ngoma ilihama kutoka ngozi ya mnyama ikaingia katika ngozi ya mtu. Huwezi kumkataza mtu moyo wake usipige.

Utumwa ulikwisha Marekani mwaka 1865, lakini taabu hazikwisha. Katika mashamba ya pamba ya kusini, vizazi viwili hivi baadaye, ulikuwapo muziki uitwao blues. Tamkeni "bluzi", itatosha. Bluzi mara nyingi ni wimbo wa mtu mmoja na gitaa lake au piano yake. Anasema mstari mmoja wa shida yake. Anaurudia ule ule mara ya pili, kama mtu anayehakikisha umemsikia. Halafu mstari wa tatu unatoa jibu. Na katikati ya mistari, mwimbaji akinyamaza, gitaa humwitikia. Mnautambua mtindo huo? Ni mwimbaji na kiitikio. Ila watu wa kiitikio wamekuwa gitaa, kwa sababu mtu yuko peke yake. Tena sauti zake hupindishwa kidogo, haziendi sawasawa na meno ya piano. Mpiga piano akitaka kuipata sauti ile hugonga meno mawili yaliyo jirani kwa pamoja, ili sikio lako litafute kile kilicho katikati yao. Bwana Weston alikuwa fundi sana wa jambo hilo.

Kabla hatujaenda mbele, hebu tufanye zoezi dogo. Wote tukae sawa. Mguu upige chini polepole: moja, mbili, moja, mbili. Vizuri. Sasa, katika muda ule ule wa miguu miwili, pigeni makofi matatu yaliyo sawa kwa sawa. Siyo mawili, matatu. Aa, wanaume wanapotea! Kina mama hawakupotea. Na sababu tunaijua. Kina mama wamezoea kutwanga watatu katika kinu kimoja. Kila mmoja ana mchi wake na zamu yake. Hakuna anayehesabu, lakini michi haigongani, na kutoka mbali unasikia mdundo mmoja ambao hakuna mtu mmoja anayeupiga. Huo ndio moyo wa muziki wa Kiafrika. Bwana Weston aliutia ndani ya vidole vyake kumi: mkono wa kushoto unatwanga wake, mkono wa kulia unatwanga wake. Mwaka 1964 alirekodi muziki mmoja wa namna hiyo akauita African Cookbook, yaani Kitabu cha Mapishi ya Kiafrika. Jina limefaa, kinu kimo.

Mtu hazaliwi na mawazo hayo kichwani. Weston aliyapata nyumbani. Baba yake alizaliwa Panama, katika familia iliyotoka visiwa vya Karibi, na huko Brooklyn alikuwa na mkahawa. Mama yake alitoka Virginia, kusini mwa Marekani, akamlea na nyimbo za kanisani. Baba alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, Mjamaika aliyewafundisha watu weusi wa Marekani kwamba Afrika ni yao. Nyumbani aliweka vitabu na ramani za Afrika. Alimwambia mtoto wake: wewe ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Na fikirini ni wakati gani alipokuwa akiyasema hayo. Shuleni na kwenye sinema watoto weusi wa Marekani walionyeshwa Waafrika kama watu wasio na lugha, wanaoguna na kurukaruka porini. Mtoto alitoka sinema na picha ile, akafika nyumbani akaikuta ramani ya baba. Vitu viwili hivyo viligombana ndani yake, na tunadhani kazi yake yote ya muziki ilitoka katika ugomvi huo.

Katika Vita vya Pili vya Dunia alichukuliwa jeshini, akafika mpaka Okinawa, Japani. Aliporudi alifanya kazi mkahawani. Wanamuziki walikuja kula na kubishana usiku kucha. Hapo alijifunza mengi kuliko darasani. Mwalimu wake mkubwa alikuwa mpiga piano Thelonious Monk, mtu wa ajabu kidogo. Mara ya kwanza Weston alipokwenda nyumbani kwake, alimwuliza maswali mengi juu ya muziki. Monk hakujibu. Alikaa kimya kwa muda mrefu, mgeni naye akakaa. Mwishowe Monk alimwambia aje tena. Alipokuja tena, Monk alikaa kwenye piano akapiga kwa saa nyingi. Hilo ndilo lilikuwa jibu. Sisi walimu tunaosema sana tuna la kufikiri hapo.

Weston alianza kutoa santuri mwaka 1954. Kwa miaka michache alitoa nzuri kadhaa, moja akaiita Little Niles kwa ajili ya mtoto wake. Hizo tunazipita. Tuje kwenye ile ya Kiswahili.

Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Habari zilifika New York kila wiki. Weston aliamua kutunga muziki mkubwa wa kushangilia jambo hilo, muziki wa sehemu nne. Alitaka ndani yake isikike lugha ya Kiafrika yenyewe, siyo kuguna kule kwa sinema. Lakini lugha gani? Afrika ina lugha mamia. Alikwenda kuuliza kwa Waafrika waliokuwa kwenye Umoja wa Mataifa, mjini New York kwenyewe. Walimshauri achukue Kiswahili, kwa sababu ni lugha inayovuka mipaka ya makabila na ya nchi.

Akampata Mtanganyika mmoja, Ndugu Tuntemeke Sanga. Maneno ya shairi la uhuru yaliandikwa kwa Kiingereza na Langston Hughes, mshairi mashuhuri wa Wamarekani weusi. Ndugu Sanga akayageuza kwa Kiswahili, na sauti yake ndiyo inayoyasema katika santuri. Sehemu ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza. Hebu tazameni mwendo wa maneno hayo. Wazee wa watu hawa walitoka Afrika na lugha zao, lugha zikafia mashambani, ngoma ikakatazwa, kalamu ikakatazwa. Miaka 220 baada ya sheria ile ya 1740, mjukuu anakaa kwenye piano New York, anamwomba Mtanganyika amsemee neno lile kwa lugha ya Kiafrika. Yeye mwenyewe hana. Aliliazima kwetu.

Na wakati ule hata sisi tulikuwa hatujawa huru. Santuri ilirekodiwa mwezi Novemba 1960. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kwa hiyo Ndugu Sanga alilisema neno Uhuru mbele ya mashine akiwa bado mtu wa nchi iliyotawaliwa.

Waliokuwa chumbani siku zile walikuwa wanamuziki zaidi ya ishirini. Upande wa ngoma peke yake walikuwapo Mnigeria Babatunde Olatunji, Wacuba Candido Camero na Armando Peraza, na Wamarekani kama Max Roach na Charlie Persip. Yaani watoto wa ukoo mmoja waliotawanywa na meli za watumwa, wamekutana tena mbele ya kipaza sauti kimoja. Kila mmoja alikuja na mchi wake.

Lakini nani aliyewapangia kazi watu wote hao? Nani aliyeandika tarumbeta hili liingie wapi na lile linyamaze wapi? Alikuwa mwanamke, Melba Liston. Tunaomba kina mama mlishike jina hili. Bi Melba alizaliwa mwaka 1926 kama Weston. Alipiga tromboni, yaani lile tarumbeta refu la kuvuta na kusukuma, ambalo wanaume waliliona ni lao. Weston alikuwa na tuni kichwani na vidoleni. Bi Melba ndiye aliyeyaweka yote kwenye karatasi, alama kwa alama, kwa kila mpigaji. Bila kalamu yake muziki ule ungebaki ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Mara nyingi santuri hutaja jina la mwanamume kwa herufi kubwa na la mwanamke kwa herufi za chungu. Sisi tunasema kazi ile ilikuwa ya watu wawili.

Sehemu ya pili inaitwa African Lady, na inawasifu wanawake wa Afrika. Sehemu ya tatu inaitwa Bantu. Ya nne inaitwa Kucheza Blues. Mwalimu mkali wa Kiswahili angeweka alama nyekundu hapo, lakini sisi tumelipenda jina hilo. Kwa Kiswahili mtoto anacheza mpira na bibi harusi anachezewa ngoma, neno ni moja. Weston alikusudia siku ambayo Afrika nzima itakuwa huru, na watu weusi wa dunia yote watacheza. Na muziki wa kuchezea siku hiyo ni bluzi! Muziki wa kusema shida umegeuzwa kuwa muziki wa sherehe.

Siku hiyo ilichelewa. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini ilipiga marufuku santuri hiyo. Wenye nchi ile waliogopa piano, matarumbeta, ngoma na maneno machache ya Kiswahili. Tulisema kwamba mabwana wa 1740 hawakuwa wajinga. Na hawa pia walijua walichokuwa wakikiogopa. Waafrika weusi wa nchi ile walipiga kura ya kwanza ya watu wote mwaka 1994, miaka 30 baada ya marufuku ile.

Weston hakutosheka na kuisoma Afrika kwenye ramani ya baba. Mwaka 1961 alifika Lagos, Nigeria, akarudi tena mwaka 1963. Huko alisikia muziki wa highlife, akatoa santuri ya jina hilo, ndani yake akaupiga wimbo wa Niger Mambo wa Mnigeria Bobby Benson. Mwaka 1967 alizunguka nchi nyingi za Afrika Magharibi na Kaskazini na kundi lake. Safari ilipokwisha wenzake walirudi kwao, yeye akahamia Moroko. Alikaa katika mji wa Tangier, akafungua klabu aliyoiita African Rhythms, yaani Midundo ya Afrika. Alirudi Marekani mwaka 1972.

Moroko ndiko alikokutana na watu waitwao Gnawa. Hawa ni wajukuu wa Waafrika weusi waliovushwa jangwa la Sahara kama watumwa, wakapelekwa kaskazini. Wana ala yao ya nyuzi tatu, tumbo lake limewambwa ngozi ya ngamia. Mpigaji anachomoa sauti kwenye nyuzi huku akigonga ngozi. Kwa hiyo ni zeze na ni ngoma kwa wakati mmoja. Mnakumbuka tulivyosema juu ya piano? Wenzake hutingisha vyuma viwili viwili mikononi, chaka-chaka, chaka-chaka, usiku kucha mpaka alfajiri, wakiita mizimu na kuponya wagonjwa. Weston alikaa akasikiliza. Akasikia bluzi. Watu wale hawajawahi kuliona shamba la pamba la Marekani, wala Wamarekani hawajawahi kuliona jangwa, lakini sauti nzito ile ya nyuzi tatu ilikuwa ile ile aliyokuwa akiitafuta kwa mkono wake wa kushoto tangu ujana.

Baadhi ya waandishi husema Weston "alichanganya" mdundo wa Afrika na bluzi. Sisi neno hilo hatulipendi sana, na mwenyewe hakuliona hivyo. Yeye alishika kwamba bluzi na jazz ni muziki wa Kiafrika uliokwenda mbali. Unachanganya mchele na kunde, vitu viwili. Ndugu waliopoteana wakikutana, hapo huchanganyi, unawatambulisha tu.

Mwaka 1972 alitoa santuri ya Blue Moses, yenye jina la wimbo alioutoa katika muziki wa Gnawa. Iliuzwa kuliko zote alizopata kutoa. Ajabu ni kwamba mwenyewe hakuifurahia. Wenye kampuni walimtaka apige piano ya umeme, ambayo hakuipenda, kisha wakaongeza vyombo vingine baada ya yeye kuondoka. Piano ya umeme haina uzito ule. Sisi tumeisikiliza, na tunaona malalamiko yake yana haki, ingawa wimbo ni mtamu. Mkulima anaweza kupata bei nzuri kwa zao ambalo yeye nyumbani hali.

Bi Melba naye alipatwa na kiharusi mwaka 1985. Tromboni ikamshinda. Lakini alijifunza kuandika muziki kwa kompyuta, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 1991 yeye na Weston walirekodi The Spirits of Our Ancestors, yaani Roho za Wahenga Wetu, na mwaka 1993 wakarekodi Volcano Blues, bluzi tupu. Wakati huo wote wawili walikuwa wamepita miaka 65. Aliyeshindwa kupuliza hakushindwa kuandika. Bi Melba alifariki mwaka 1999. Weston aliendelea kupiga mpaka uzeeni kabisa.

Na mwaka 1992 Weston aliwakusanya mafundi wa Gnawa mjini Marrakesh, akawarekodi. Karibu santuri nzima yeye hapigi. Amewaachia wenyewe.

Basi, maneno yametosha. Kijana wetu hapa ameuweka muziki wa Uhuru Afrika kwenye simu yake, tukaunganisha na spika ya shule. Mtasikia sauti ya Ndugu Sanga. Mtasikia ngoma, na matarumbeta kwa wingi, msishtuke. Piano mtaitafuta, maana Weston haikimbilii mbele. Sikilizeni chini, upande ule mzito. Na yule mama mwenye ngoma ya kukalia watoto, tumesikia yupo pale nyuma, karibu na dirisha. Mama, tumekuomba kijana akuletee ile ngoma. Watoto wamekwisha kuondoka juu yake. Ikifika sehemu ya nne, Kucheza Blues, ukiona mahali pako, ingia.